Zawadi ya Krismasi kwa walimu wa deikea hapa Marekani: tunatoa dola ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika katikati ya Novemba simu yangu haitulii, wadogo zangu na mawifi na akina mama wa kanisani wote wanauliza kitu kilekile, "dada hivi hawa walimu wa mtoto tunawapa nini Krismasi na tunawapa shilingi ngapi?" Basi nimeona niandike majibu yote sehemu moja. Mi naishi Maryland, watoto wangu watatu wamepitia deikea (kituo cha kulelea watoto wazazi wakiwa kazini) tangu wana miezi mitatu, kwa hio mengi hapa ni ya huku kwetu, ila wewe uliyeko Texas au Minnesota au Ohio utachukua yanayokufaa, mambo hayapishani sana.

Kwanza, hivi ni lazima?

Sio lazima. Hakuna sheria, hakuna mkataba, na mtoto wako hatafukuzwa. Ila ni desturi ya huku, mwisho wa mwaka watu wanawapa kitu wale wanaowahudumia mwaka mzima, mtu wa kutengeneza nywele saluni, mlinzi wa jengo, dereva wa basi la shule, na walimu wa watoto wadogo ndio hua wanawekwa mbele kabisa. Na wewe ukikaa ukafikiria mtu anayembadilisha mwanao nepi mara nne kwa siku, anamfuta kamasi, anambembeleza alale wakati wewe uko kazini huna habari, sidhani kama utahitaji sheria ikulazimishe.

Sisi hii desturi tunaijua vizuri tu, tumeibadilishia jina. Nyumbani dada wa kazi akienda kwao mwisho wa mwaka unamwacha aondoke mikono mitupu? Unampa nauli, unamfungashia doti ya kitenge, sukari, mchele, sabuni, na kitu cha mama yake, na mama mwenye nyumba asiyefanya hivo mtaa mzima unamsema. Mwalimu wa deikea anafanya kazi ileile ya kulea, tena analea wa kwako na wa wenzako kwa pamoja. Kwa sababu kavaa beji na kuna ofisi na risiti basi tunamwona kama mtu wa benki, tunamwambia bai bai tunaondoka.

Sawa, sasa niambie namba. Dola ngapi?

Haya. Kwa kituo cha kawaida chenye madarasa, ambacho mtoto anaenda siku tano, dola 25 mpaka 75 kwa kila mwalimu wa darasa lake. Wengi ninaowajua wanatoa 50. Wale wa Emily Post Institute, ambao Wamarekani wanawauliza sana mambo ya adabu, wao wanasema dola 25 mpaka 70 kwa kila mfanyakazi anayemhudumia mtoto wako, pamoja na kakitu kadogo kutoka kwa mtoto mwenyewe, kama mchoro au kadi. Kwa hio ukiwa humo ndani hujakosea.

Kama mkono umebana, dola 10 au 15 kwa kila mmoja na kadi uliyoandika mwenyewe, na uitoe ukiwa umenyoosha kichwa. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu najua akina mama ambao hawatoi kabisa, wanaona dola 10 ni aibu, kwa hio mwaka unapita mwalimu hapati hata asante. Dola 10 inanunua chakula cha mchana au mafuta ya gari ya siku mbili.

Hapohapo niseme na upande wa pili. Kuna wenye uwezo, wanaendesha gari jipya, nyumba imeshapambwa taa mpaka kwenye paa, halafu wanapeleka kikombe cha dola tano wanasema "kutoa ni moyo usambe ni utajiri". Hio methali ilitungwa kumtetea aliyepungukiwa, sio aliyejaaliwa. Kama unazo, toa 75, toa 100, utakuwa umefanya jambo la maana sana kwa mtu huyo.

Lakini nalipa dola elfu mbili kwa mwezi! Hawalipwi hawa?

Hili swali ndilo naulizwa kuliko yote na naelewa kabisa uchungu wake, mi mwenyewe mwaka ambao nilikua na wawili deikea kwa pamoja nilikua nalipa kuliko kodi ya nyumba. Ila hebu tupige hesabu.

Hapa Maryland mtoto chini ya miaka miwili sheria inataka mwalimu mmoja kwa watoto watatu. Watatu tu. Wakifika miaka miwili ni mmoja kwa sita, miaka mitatu na minne ni mmoja kwa kumi. Sasa chukua darasa la vichanga, watoto watatu kwa dola 2,000 ni dola 6,000 kwa mwezi. Humo toa kodi ya jengo, bima, umeme, chakula, nepi kama wanatoa wao, mshahara wa ofisi na wa jikoni, na usisahau kituo kinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ni masaa kumi na moja, na mwalimu mmoja shifti yake ni masaa nane kwa hio lazima kuwe na mwingine wa kuziba. Kinachobaki kwa mwalimu ni kidogo.

Na sio mi nasema. Takwimu za wizara ya kazi ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha mlezi wa watoto wa kati kabisa, yaani nusu wanapata zaidi yake na nusu wanapata chini yake, alikua analipwa dola 14.60 kwa saa, kama dola 30,370 kwa mwaka mzima. Maryland kima cha chini ni dola 15 kwa saa tangu Januari 2024, lakini ziko stet, yaani majimbo, ambazo bado zinafuata ile ya serikali kuu ya dola 7.25 ambayo haijapanda tangu 2009. Jiulize mtu wa dola 30,000 kwa mwaka analipaje apatimenti Silver Spring, mji wa huku kwetu Maryland. Anaungaunga. Mwalimu wa kwanza wa mwanangu akitoka kwetu jioni alikua anaenda kupanga bidhaa dukani mpaka saa nne usiku, nilikuja kujua baada ya mwaka mzima, na asubuhi saa moja alikua wa kwanza kumpokea mtoto kwa tabasamu.

Kwa hio hela yako ndio ni nyingi, na mshahara wake ndio ni mdogo. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na hasira ya bei ya deikea tusimalizie kwa mtu ambaye hakuipanga.

Nani na nani napaswa kumpa? Pale kuna watu kumi na tano.

Wale wanaomgusa mtoto wako. Hapo ndipo pa kuanzia.

Darasa kwa kawaida lina mwalimu mkuu na msaidizi, wakati mwingine wasaidizi wawili. Mi nawapa sawasawa na nakushauri ufanye hivo, najua kuna wanaosema mkuu apate 50 na msaidizi 30 lakini ukichungulia pale darasani saa sita mchana msaidizi ndiye yuko sakafuni anapigapiga mgongo watu walale, na ndiye mwenye mshahara mdogo zaidi. Halafu kuna yule anayezunguka madarasa kuziba mapengo mwalimu akiumwa au akienda kula, huyu watu wote wanamsahau, kila mzazi anadhani ni wa darasa jingine. Mpe 20 au 25. Na kuna wa kufungua asubuhi na wa kufunga jioni, kama mwanao anafika saa moja au ni kati ya wale wa mwisho mwisho basi huyo ndiye anamjua mwanao akiwa amechoka na analia, naye 20 au 25.

Mpishi, msafishaji, mtu wa mapokezi, ukiweza kitu kidogo ni vizuri sana, usipoweza peleka boksi la matunda au la biskuti za dukani kwa wote liwekwe chumba chao cha kupumzikia. Mkurugenzi kadi nzuri inatosha, isipokua kama ni kituo kidogo na yeye mwenyewe anaingia darasani.

Mfano wangu wa mwaka jana: walimu wawili wa darasa 50 kila mmoja, wa kuzunguka 25, wa kufunga jioni 25, jumla 150. Nilianza kuiweka pembeni tangu Septemba, dola 40 kila mwezi, kwa sababu Desemba yenyewe ina mambo yake, tiketi, maboksi ya kutuma nyumbani, michango.

Nina watoto wawili kituo kimoja, natoa mara mbili?

Walimu wa kila darasa wapate kiwango kilekile. Wa kuzunguka na wa mlangoni wape mara moja tu ila ongeza kidogo.

Mtoto kaanza Novemba, ana wiki tano tu pale.

Toa nusu ya ulichopanga, au hata kadi na dola 10. Na kama alihamia darasa jipya Septemba, tafadhali mkumbuke yule wa zamani, miezi minane ya mwaka alikua naye yeye, alimfundisha kwenda chooni yeye, halafu zawadi inaenda kwa aliyemkuta ameshaacha nepi.

Keshi au kadi ya zawadi ya duka, ile inayowekwa pesa ya kununulia vitu?

Keshi, kama kituo kinaruhusu. Keshi inalipa bili ya umeme, inaongezea kodi, inatumwa nyumbani. Huku kwetu Maryland walimu wengi wa deikea ni wahamiaji kama sisi, Waethiopia, watu wa El Salvador, Wakameruni, nao Desemba wana mama huko anayesubiri kitu kama wako anavyosubiri. Kadi ya duka la kahawa haitumiki Addis Ababa.

Ila vituo vingine vinakataza keshi kwa hio uliza ofisini kwanza, ni swali la kawaida kabisa wala hawashangai. Wakikataa keshi, nunua kadi za sehemu ambazo mtu ananunua mahitaji, Target, Walmart, Amazon, supamaketi ya jirani na kituo. Zile za Visa au Mastercard zinatumika popote lakini zina ada ya kununulia, dola nne tano sita hivi juu ya pesa uliyoweka, na siku hizi kuna wezi wanazichezea zikiwa bado dukani, unampa mwalimu kadi akifika kulipa anakuta sifuri. Kagua bahasha ya kadi haijachanwa wala namba ya siri haijakwanguliwa, iweke pamoja na risiti yake, na mpe mwalimu hio risiti. Kuhusu kuisha muda usiwe na wasi, sheria ya serikali kuu ya 2009 inasema pesa ya kwenye kadi lazima ikae angalau miaka mitano.

Zelle, Venmo na Cash App, zile za kutumiana pesa kwa simu, zinafaa kama mnazoeana naye na ana namba unayojua, ila mi napenda bahasha. Mtu akiipokea mkononi mnaangaliana, unamwambia asante kwa mdomo.

Vikombe, mishumaa, losheni, midoli ya Krismasi?

Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka mshumaa na kikombe kilichoandikwa Mwalimu Bora. Nilikua mgeni, niliona dukani nikadhani ndivyo wanavyofanya. Miaka kama miwili baadae mwalimu mmoja tuliyekua tumezoeana akanifungulia kabati lake darasani anionyeshe, vikombe vilikua vimepangwa mpaka juu, akaniambia mamangu hivi ni vya miaka yote na hawezi kuvitupa kwa sababu vina majina ya watoto. Darasa la watoto kumi na mbili, kila mmoja kikombe, mara miaka saba. Tangu siku hio nimeacha.

Vitu vya nyumbani je, kitenge, kahawa, majani ya chai?

Vizuri mno, ila viende PAMOJA na pesa. Kapochi ka kitenge ka kuwekea simu na lipstiki na ndani yake umeweka bahasha, hapo umemaliza. Kahawa ya Moshi, majani ya chai ya Kericho, kikapu kidogo cha ukili, vyote nimeshatoa na vimependwa sana, kuna mwalimu kila akiniona ananiuliza ile kahawa inapatikana wapi. Nguo usijaribu, gauni la kitenge bila kujua saizi ya mtu ni shida, peleka kanga tu kama unamjua ni mtu wa vitambaa.

Nikipika? Natengeneza mandazi na kashata nzuri sana.

Kashata za karanga USIPELEKE deikea. Nasisitiza. Vituo vingi havitaki karanga wala korosho mlangoni kabisa kwa sababu ya watoto wenye aleji, kipande kikidondoka sakafuni mtoto akakiokota anaweza kupoteza pumzi dakika hiohio. Mandazi na visheti unaweza kama ofisi imekubali, mpe mwalimu wakati anaondoka jioni aende navyo kwake, na bandika karatasi ya vilivyomo, ngano, maziwa, mayai, iliki, nazi. Na ujue wengine hawali kilichopikwa nyumbani kwa mtu, sio dharau kwako, ni mazoea yao.

Grupu la wazazi wanachangisha. Nichangie au nitoe mwenyewe?

Changia kama kiasi ni cha hiari na unawaamini wanaokusanya. Faida yake ni kwamba hela zinakua nyingi kwa pamoja na walimu wote wanapata sawa, hata yule ambaye hana mvuto kwa watoto. Ukishachangia sio lazima tena utoe ya kwako, kadi tu ya mtoto inatosha.

Ila wazazi wenzangu wa Kiswahili, tukipewa uweka hazina wa hizi mambo naomba tuache ule mtindo wetu wa michango ya harusi. Mnaujua. Orodha inabandikwa kwenye grupu kila asubuhi, Mama fulani 100 tiki, Baba fulani 50 tiki, fulani ahadi bado, halafu mwenyekiti anaandika "jamani tukumbushane ahadi zetu". Kwenye harusi tumezoea na inafanya kazi. Hapa kuna mzazi kapunguzwa kazi mwezi uliopita na hajamwambia mtu, kuna familia imefika kutoka kambi ya wakimbizi mwaka huu na deikea inalipiwa na mpango wa serikali, ukimwandikia jina bila tiki mbele ya wazazi wote umemuumiza bure. Weka ujumbe mmoja tu, sema hela zinakusanywa mpaka tarehe fulani, kiasi chochote, anayeweza na anayependa, usitaje kima, usitaje nani katoa nini. Kadi ya mwisho iandikwe majina ya watoto WOTE wa darasa, waliotoa na wasiotoa. Na ukishakabidhi, wape wazazi hesabu ya jumla, zilipatikana kiasi hiki kila mwalimu kapata kiasi hiki, hapo hakuna wa kukusema.

Sheria za zawadi zikoje? Nimesikia walimu hawaruhusiwi kupokea.

Hio ni kwa walimu wa serikali. Kama mtoto yuko chekechea ya shule ya umma, mwalimu ni mtumishi wa umma na kuna ukomo, kwa mfano Massachusetts mzazi hatakiwi kumpa mwalimu wa umma zawadi inayofika dola 50 kwa mwaka, na darasa zima likichangia kwa pamoja mwisho ni dola 150 bila kutaja nani katoa. Kila stet na kila wilaya ya shule ina yake, piga simu shuleni. Deikea binafsi haiko chini ya sheria hizo, inafuata sera ya kituo.

Kodi ya serikali upande wako hakuna, zawadi kwa mtu mmoja mpaka dola 19,000 kwa mwaka 2025 hairipotiwi popote.

Mtoto wangu analelewa nyumbani kwa mama mmoja, hana kituo. Huyu nae?

Huyu ndio zaidi. Mama anayelea watoto nyumbani kwake hana likizo ya kulipwa kama ya ofisini, hana bonasi ya bosi kwa sababu bosi ni yeye mwenyewe, na akiumwa siku hio haingizi hela. Kwa huyu tunafikiria malipo ya nusu wiki mpaka wiki moja. Unamlipa 300 kwa wiki, mpe 150 mpaka 300. Kama ni Mswahili mwenzako anayekulelea kwa bei ya undugu, na wengi wetu ndivyo tunavyoanza huku, basi kumbuka hio bei nafuu amekupa miezi kumi na miwili. "Aah huyu ni kama dada yangu" isiwe sababu ya kumpa keki tu. Dada yako naye ana bili.

Yaya wa kuja nyumbani kwangu?

Malipo ya wiki moja, wengine wanatoa ya wiki mbili kama amekaa miaka. Angalia tu, yaya ukimwajiri wewe kihalali basi bonasi yake, hata ukiitoa kwa kadi ya duka, serikali inaihesabu ni mshahara, ipitishe kwenye malipo yake ya kawaida. Haifanani na mwalimu wa deikea ambaye hujamwajiri.

Sisi ni Waislamu, hatusherehekei Krismasi. Inakuaje?

Kadi isiyo na mti wala Santa, andika "Asante kwa mwaka mzima", peleka Desemba wakati wenzako wanapeleka, umeshukuru mtu kwa kazi yake na mwaka umeisha. Jirani yangu wa Zanzibar yeye anasubiri Idi, anapeleka bahasha na sahani ya vileja, na walimu wameshajua, wanamuuliza Idi lini mwaka huu. Zote mbili ni sawa, chagua inayokupa amani.

Na kuna upande mwingine, mwalimu mwenyewe anaweza kua hasherehekei. Mashahidi wa Yehova kwa mfano hawana Krismasi wala bathidei. Kadi ya shukrani ya kawaida bila kutaja sikukuu inafaa kwa kila mtu, mi siku hizi nanunua hizo tu.

Kuna mwalimu ambaye simuelewi, nae nimpe?

Mpe sawa na mwenzake. Kama kuna kitu kibaya kinatokea darasani, mtoto anarudi na nepi imejaa, anaongeleshwa vibaya, hilo peleka kwa mkurugenzi leoleo, usisubiri Desemba ulipize kwa bahasha. Na kama ni kwamba tu hachekicheki na wewe mlangoni, angalia mwanao anamkimbilia au anamkwepa. Wa kwangu wa pili alikua na mwalimu aliyenuna mwaka mzima nikawa nasema huyu mama ana nini, kumbe ndiye pekee aliyegundua mtoto hasikii vizuri sikio la kushoto. Aliniambia bila maneno mengi, "mpeleke akapimwe". Alikua sahihi.

Na usiambatanishe zawadi na ombi. Bahasha leo, kesho "mwalimu naomba umwangalie zaidi wa kwangu", hapo umeiharibu.

Lini na kwa njia gani?

Wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba. Vituo vingi vinafunga kati ya Krismasi na mwaka mpya na walimu wengine wanasafiri mapema, na zaidi ya hapo mwalimu naye ana watoto wa kuwanunulia vitu, ukimpa tarehe 23 jioni umemchelewesha.

Mkononi, mwenyewe, jina limeandikwa juu ya bahasha na jina la mtoto wako. Usiweke kwenye begi la mtoto, mi niliweka, ikachomolewa na vidole vidogo ikaishia kwenye boksi la midoli na nikaipata Februari, mwalimu wa watu muda wote huo anadhani sikumkumbuka. Kama humkuti kwa sababu ya shifti, acha ofisini na umtumie ujumbe kwamba ipo.

Naandika nini kwenye kadi? Kingereza changu sio kizuri.

Andika kitu kimoja cha kweli ambacho yeye tu alikifanya. Sio "asante kwa kila kitu". Mfano: "Septemba alikua analia kila asubuhi ukawa unamchukua dirishani mnanipungia mkono, sasa hivi ananiburuta mimi tufike haraka." Mistari miwili mitatu. Kama Kingereza kinakusumbua mwombe mtu akutafsirie au weka kwenye simu ikutafsirie, au andika Kiswahili na umweleze kwa mdomo, na mtoto achore hapo chini. Walimu wanatunza hizi kadi, nimeziona zimebandikwa ndani ya milango ya makabati, za watoto ambao sasa wako sekondari.

Mwaka huu sina kabisa. Hata kumi.

Andika barua. Mpelekee mkurugenzi, taja jina la mwalimu, eleza alichomfanyia mwanao, na nakala mpe mwalimu mwenyewe. Barua ya mzazi inaingia kwenye faili lake na siku ya kujadili nyongeza ya mshahara au akiomba kazi sehemu nyingine inamsaidia. Haikugharimu kitu ila nusu saa, na niwaambie ukweli ni wachache sana wanaofanya, hata wenye hela.

Ukija kujaliwa baadae kuna nafasi nyingine mwezi wa tano. Wiki ya kwanza kamili ya Mei ni ya kuwashukuru walimu, na Ijumaa kabla ya Siku ya Mama ni siku ya walezi wa watoto, ipo tangu 1996. Toa hapo.

Nilisahau, sasa hivi ni Januari. Nimechelewa?

Hujachelewa. Januari ndio mwezi mrefu, bili za Desemba zinaingia na kituo kilikua kimefungwa kwa hio kuna walimu wa kulipwa kwa saa ambao hizo siku hawakulipwa. Andika "Asante kwa mwaka uliopita", weka ndani ulichonacho, mpe kesho asubuhi ukimpeleka mtoto.